Mto wa Bibi Ople na Mguu wa Nyuma wa Verlon

VERLON KACHUKUA MGUU WA NYUMA! Mguu mzima wa ng'ombe, jamani, wa nyuma, ule wenye nyama! Verlon Tackett yule yule wa basi la shule, yule tuliyezoea kumwona anarudi nyumbani na ndoo ya vipande vya risasi! Na aliyemwezesha ni mama mkwe wake, pamoja na mto wake wa kulalia. Ngoja nianze mwanzo, maana nikienda na kasi hii hamtaelewa kitu.

Verlon ndiye anayeendesha basi la shule la Laurel Fork, bonde letu huku milimani Tennessee. Mrefu, mwembamba, kofia imepauka mpaka huwezi kusema ilikuwa ya rangi gani. Ukikaa kiti cha mbele kwenye basi lake umekwisha, utasikia habari za gobore mpaka geti la shule. Wenzake wanabandika picha ya watoto mbele ya usukani. Yeye kabandika picha ya gobore lake. Picha ya mkewe Zettie ipo pia, lakini ndogo, na gobore limemziba bega.

Na gobore lenyewe si mchezo. Alilitengeneza mwenyewe gereji, mtutu mnene kama mguu wa meza. Halishikiki begani lile, unalala kifudifudi unaliegemeza kwenye gogo. Unamimina baruti nyeusi kwa mdomoni, unatandika kitambaa kilichopakwa mafuta, juu yake unaweka risasi ya mviringo, unakata kitambaa kinachozidi, halafu unashindilia kwa mdeki, ile fimbo ndefu, mpaka chini kabisa. Unapiga. Moshi mweupe kama mtu kachoma majani mabichi, harufu ya mayai viza. Kisha unaanza upya! Ukimuuliza Verlon kwa nini asitumie bunduki ya kisasa kama watu wengine, anakutazama kama umemuuliza kwa nini anakula chakula wakati vidonge vipo.

Sasa kila mwaka, majani yakishageuka mekundu, watu wa magobore wanakutana malishoni kwa Hoyt Lovelady kushindania ng'ombe. Ng'ombe anagawanywa kwa utaratibu wa zamani. Wa kwanza na wa pili wanachukua miguu ya nyuma. Wa tatu na wa nne, mikono ya mbele. Wa tano, ngozi na mafuta. Na wa sita anapewa risasi zote zilizokwama kwenye gogo la nyuma ya shabaha, akazichimbe mwenyewe kwa shoka.

Verlon ni wa sita. Kila mwaka, wa sita! Watu wakaacha hata kumwita jina, wakawa wanamwita Mchimbaji.

"Mchimbaji, shoka umelinoa?" Hoyt anamtania kabla hata hawajaanza. Hoyt ndiye huwa wa kwanza, halafu mtu mnene mwenye sauti ya kuita mifugo, kwa hiyo utani wake unasikika mpaka barabarani.

"Nimelinoa, Hoyt. Na wewe risasi zako ndizo tamu kuliko zote, zinayeyuka vizuri."

Anacheka, lakini inamuuma. Na inapomuuma zaidi ni nyumbani, kwa sababu ya Bibi Ople, mama yake Zettie. Bibi Ople ni mfupi, mkavu, na hajawahi kumgombeza Verlon hata siku moja. Anauliza maswali tu. Kila baada ya mashindano anapiga simu.

"Zettie, mumeo kaleta nini mwaka huu?"

"Risasi, mama."

"Mnazichemsha au mnazikaanga?"

Miaka yote hiyo ya ndoa! Verlon anasikia kila neno, maana Bibi Ople akiongea na simu anaamini umbali unashindwa kwa kelele. Basi alichokuwa anakitaka duniani ni hicho tu: aweke mguu wa nyuma juu ya meza, mama mkwe wake aukate, atafune, akose swali.

Na mwaka jana alikaribia kupanda, akakosa kwa upana wa unyasi, akawa wa sita tena. Mwaka huu alikuwa na uhakika kabisa. Halafu kitambaa kikaisha.

Msicheke. Kitambaa ndiyo kila kitu. Kikiwa chembamba, moto wa baruti unakipenya, kinaungua, na risasi inatoka inaenda inakojisikia. Verlon alikuwa na jora moja la kitambaa kigumu cha mistari ya bluu, kama kile cha magodoro ya sufi ya zamani, alilinunua kwenye duka lililofungwa kitambo. Lilipobaki nyuzi akanunua jipya mjini. Mistari ile ile, bluu ile ile. Akaenda kujaribu bondeni, akapiga, kisha akatembea kwenye nyasi kuokota vitambaa vilivyorushwa na mtutu. Kila kimoja kina tundu jeusi katikati. Risasi zenyewe zilitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe.

Kuanzia hapo akawa hana amani, na sisi tukaona vituko. Akaanza kutembea na kile kipimo cha mafundi kinachobana kitu na kukwambia unene wake. Akabana mapazia ya Zettie. Akabana hata aproni ambayo Zettie anapikia jikoni shuleni, akiwa ameivaa. Kanisani akabana ncha ya kitambaa cha meza, mchungaji anaomba, watu wamefumba macho. Wasichana wa duka la vitambaa wakimwona anaingia wanaitana: "Njoo uone, yule wa kubana karudi!" Hakuna kilichofaa.

Ndipo Bibi Ople akaja kukaa kwao, nyonga inamsumbua, ngazi za kwake hawezi tena. Akaja na begi moja na mto wake. Mto wa manyoya ya bata bukini aliowafuga mwenyewe akiwa bibi harusi, na haulaliwi na mtu mwingine, hauazimwi, hauguswi. Jumatatu hiyo Zettie akavua foronya kuifua. Verlon akapita na kikombe chake cha kahawa, akasimama ghafla kama kagonga ukuta.

Mistari ya bluu. Kitambaa kile cha zamani, kigumu, kimelainishwa na miaka yote ya kichwa cha Bibi Ople. Akatoa kipimo mfukoni, akabana pembe ya mto. Unene ni ule ule! Si pungufu, si zaidi.

"Verlon," Zettie akasema bila kugeuka, "thubutu uone."

"Sijasema kitu."

"Unapumua kama mwizi. Mwombe mwenyewe."

"Nimwombe mama yako kitambaa cha mto anaoulalia? Ataniuliza swali moja, Zettie. Moja tu. Na nitalibeba mpaka kaburini."

"Basi acha."

Hakuacha. Jumanne Bibi Ople akiwa bafuni, Verlon akafumua mshono wa upande mmoja, ile sehemu iliyokunjwa ndani, akakata ukanda mwembamba, akashona kwa uzi wa ndoano. Akajichoma sindano mara mbili. Akaukimbizia ukanda bondeni, akajaribu risasi moja. Ikaenda ilikotumwa. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu, hiyo ilikuwa ya furaha tu, na ndiyo ilikuja kumponza. Vitambaa alivyookota vilikuwa vizima, vimekunjamana vizuri kama ua. Karibu alie.

Asubuhi Bibi Ople akaja mezani, kuna maandazi laini na mchuzi mweupe wa soseji, na kwenye nywele zake kuna unyoya.

"Zettie, siku hizi mnafuga kuku ndani?"

"Hapana, mama."

"Ahaa." Akajipakulia mchuzi. Hakumtazama Verlon hata kidogo, na hiyo ndiyo ilimmaliza hamu ya kula. Alhamisi manyoya mawili. Ijumaa akakohoa unyoya mmoja. Verlon alikuwa anaendesha basi kimya kimya, hata wa kiti cha mbele tukamwuliza kama anaumwa.

Jumamosi ya mashindano, Bibi Ople akatangaza na yeye anakwenda. Hajawahi kwenda! Akakaa kwenye kiti cha kukunja pale malishoni, blanketi mapajani, na mto wake nyuma ya mgongo kwa ajili ya nyonga. Verlon alipouona ule mto akamwaga baruti kidogo kwenye kiatu.

Shabaha ni ubao uliochomwa ukawa mweusi, katikati karatasi nyeupe yenye alama ya X iliyokatwa kwa kisu. Unapiga risasi kumi kutoka kwenye gogo, kisha mwamuzi, Mzee Lonas, anapima kwa uzi kutoka katikati ya X mpaka kila tundu, anajumlisha urefu wote. Mwenye uzi mfupi ndiye mshindi.

Na siku hiyo, jamani, Verlon alikuwa anachoma! Ya kwanza imegusa X. Ya pili jirani yake. Watu wakaanza kusogea. Hoyt mwenyewe, aliyekuwa kamaliza zake, akaacha kutafuna. Ikafika ya tisa, tundu zote zimebanana kiasi unaweza kuzifunika kwa kifuniko cha chupa. Verlon akamimina baruti ya kumi, akavuta ukanda wa kitambaa autandike mdomoni kwa mtutu.

Kipande kilichobaki hakitoshi hata kufunika kidole gumba. Ile risasi ya furaha!

Akasimama. Akageuza kile kipande upande huu, upande ule, kana kwamba kitakua.

"Chukua changu, Mchimbaji," Hoyt akasema, na hakuwa anatania.

Verlon akakibana kwa kipimo. "Chembamba, Hoyt. Asante."

Kwenye magobore kuna sheria, mtu anayeshindilia hasemeshwi. Lakini sheria hiyo hakuna aliyekuwa amemwambia Bibi Ople.

"Verlon! Umeishiwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Umeishiwa nini?"

"Kitambaa, Mama."

"Kitambaa gani?"

Malisho yote yakageuka kumtazama. Zettie akajifunika uso kwa kofia. Verlon angeweza kusema cha duka. Angeweza kuchukua cha Hoyt akapiga ovyo, akarudi kwenye shoka lake, mambo yakaisha. Akavua kofia.

"Cha mto wako, Mama. Nilikata Jumanne ukiwa bafuni. Sikuomba. Nilikuogopa."

Watu walicheka mpaka mbwa wakabweka. Bibi Ople akasubiri wamalize.

"Najua ni Jumanne. Tangu Jumanne nalala na bata mdomoni. Nilikuwa nangoja tu uniambie, nikasema nitangoja mpaka nife kama ikibidi." Akauchomoa mto mgongoni. "Sasa omba kama mtu mwenye mama."

Verlon akamwendea, akapiga goti moja kwenye nyasi, kofia kifuani, kama anaposa upya.

"Mama, naomba kipande cha mto wako."

"Cha kufanyia nini?"

"Cha kukuletea nyama."

"Basi usikate pembezoni kama panya. Kata hapa katikati, kizuri." Na akauvuta ule mto kwa mikono miwili, ukakaza kama ngozi ya ngoma. "Kata, nimeshika."

Akakata. Manyoya yakatoka yote! Yakapanda juu, upepo ukayachukua, yakaanza kushuka polepole juu ya watu, juu ya ng'ombe wa Hoyt, juu ya chungu cha maharage. Verlon akapaka kitambaa mafuta, akatandika, akashindilia, akalala kwenye gogo. Unyoya ukaja ukatua pale pale anapolengea, juu ya mtutu. Hakuna aliyethubutu kusogea. Bibi Ople akachechemea mpaka pale na fimbo yake, akainama na nyonga yake mbovu, akaupuliza. Pfuu.

"Haya," akasema.

Pwaaa!

Moshi na manyoya vikachanganyika, hatukuona kitu. Mzee Lonas akaenda na uzi wake, akapima, akapima tena, akavua miwani akaifuta. Hoyt bado wa kwanza. Lakini wa pili, uzi mrefu kuliko wa Hoyt kwa unywele tu, ni Verlon Tackett. Mguu wa nyuma!

Tukapiga kelele. Zettie akamrukia shingoni. Tulipotulia tukamtafuta Verlon, hayupo. Kumbe kwa mazoea kashachukua shoka, keshafika kwenye gogo la shabaha, anachimba risasi!

"Rudi, we Mchimbaji!" Hoyt akapaza sauti. "Hizo si zako mwaka huu!"

Zilikuwa za mchungaji wa kanisa letu, ndiye aliyekuwa wa sita. Verlon akamkabidhi shoka, akakaa kumwonyesha namna ya kufuata tundu bila kukatakata mti mzima.

Jumapili mguu ulikuwa mezani, na mkate wa mahindi pembeni. Bibi Ople akakata, akatafuna muda mrefu. Verlon hapumui.

"Una chumvi kidogo," akasema. Halafu akasogeza sahani: "Niongeze."

Hakuuliza kitu!

Sasa hivi Bibi Ople analalia mto mpya wa maua, ambao anausema kila asubuhi. Kitambaa kilichobaki kakikunja, yuko nacho kwenye mkoba wake, na kila Jumamosi ya mazoezi anakwenda bondeni na kiti chake. Kwa kila risasi Verlon inabidi avue kofia aende aombe. Yeye anakaza, Verlon anakata. Wanabishana njia nzima ya kurudi, na Verlon hajawahi kuwa na raha kama hii, hata kwenye basi anaimba.

Ila kitambaa hakitafika majani mengine mekundu. Kwa hiyo naomba tu: mtumie habari hii mtu mmoja unayemjua mwenye bibi nyumbani, na mto wa zamani wa mistari ya bluu.