Sehemu ya Kaka

Wiki iliyopita, katika duka la viungo pale Kenton, hapa London, redio ilicheza wimbo wa filamu ya zamani ya Kihindi, kisha mtangazaji akamtaja mtunzi mmoja. Hilo si sahihi, msomaji wangu. Watunzi wale walikuwa wawili, ndugu wa tumbo moja, na anayemtaja mkubwa peke yake anampokonya mdogo kazi yake. Nilimweleza mwenye duka. Akacheka: "Mzee, si wote wameshakufa?"

Nilitoka bila bizari niliyoifuata.

Zanzibar, utotoni mwetu, jirani yetu fundi wa saa alikuwa na gramafoni. Jioni, mkewe akikaanga bajia, yeye huweka santuri za ndugu wale, nasi, mimi na kaka yangu, tukiwa barazani tunachambua mchele wa Bibi. Jirani ndiye aliyetueleza kwamba mmoja alitunga mahadhi na mwenziwe mapigo, na kwamba hakuna aliyejifunza sehemu ya mwenzake, wasije wakaachana. Sijui habari hiyo aliipata wapi. Sisi tuliishika kama sheria.

Tukatunga wimbo wetu. Kaka aliimba bila maneno. Mimi nilipiga sinia, mchele ukiruka, Bibi akinung'unika kwamba atatafuna mawe kwa ajili ya nyimbo za Bombay. Siku nilipojaribu kuyafuatisha mahadhi, Kaka alinikatiza: "We piga sinia. Akili niachie mimi."

Nikatii. Hata hapa London, kwenye harusi za watoto wetu, yeye aliimba nami nikapiga, wala hakuna aliyeona haja ya kuurekodi.

Sasa Kaka yumo katika nyumba ya kutunzia wazee, Rayners Lane, na maradhi yamemla kumbukumbu. Kutoka dukani nilikwenda moja kwa moja kwake, nikaomba sinia la chakula, nikaanza.

"Endelea tu, mzee," alisema muuguzi, binti wa Kikenya. "Leo ameamka vizuri."

Nilifika pale sauti yake inapoingia, nikangoja. Nikarudia. Kaka aliitazama mikono yangu kwa adabu.

"Unapiga vizuri," akasema. "Nani alikufundisha?"

Gramafoni, bajia, baraza ya Bibi: vyote vimetoweka, ila naweza kukusimulia. Mahadhi yale siwezi. Ninayo mapigo yote, kamili, na kila nikifika pale anapoingia Kaka nanyamaza, kwa sababu sijui kinachofuata.