Zamu ya maji ya mama niliyoiacha kwa ajili ya gemu

Nimekosa. Nianze na hilo kabla sijatafuta wa kumlaumu, maana najijua, nikianza na mengine nitapinda.

Mimi ni kijana wa kijiji cha Kisiwani, shule niliishia kidato cha pili. Naishi na mama, baba alishatangulia. Shamba letu la mahindi linapata maji ya mfereji kutoka ndiva, lile bwawa la juu ambalo maji yake yanakingwa na kufunguliwa kwa zamu. Zamu ikifika usiwepo, maji hayakusubiri. Mama ana magoti mabovu, kwa hiyo kusimamia zamu ilikuwa kazi yangu. Ndiyo kazi pekee aliyoniachia bila kunifuatilia.

Sasa kuna gemu. Najua wengine mtacheka. Ni gemu ya safari, imetoka matoleo mengi. Unamlea mtu wako kuanzia hajui kushika upanga mpaka vijiji vinamwita kwa jina. Nimeicheza tangu nikiwa shule, kwenye kibanda cha gemu cha rafiki yangu Dula pale Same mjini. Kilichonishika mimi si vita, ni shamba. Kila toleo unapewa shamba dogo, na ukienda safari ukalisahau, unarudi unakuta limekauka na wanakijiji hawakusalimii. Langu halikuwahi kukauka. Nilikuwa najisifu nalo.

Dula akanipigia. "Mwanangu, toleo jipya limeingia. Kesho unalifungua wewe wa kwanza, wengine watafuata."

Kesho ilikuwa zamu yetu.

Nikaenda kwa jirani yetu Mzee Mrutu, ambaye zamu yake inafuata ya kwetu. Nikamwamkia, nikamwomba tubadilishane: yeye achukue maji kesho, mimi nichukue siku yake. Kubadilishana si kosa, watu hufanya. Ila nyumbani huwa wanajua.

"Mama yako amekubali?" akaniuliza.

"Amekubali, mzee."

"Mahindi yenu yanatoa mbelewele sasa hivi, ndipo yanapotaka maji. Una hakika, kijana?"

Nikasema nina hakika.

Kesho yake nikaenda kwa Dula, na gemu yenyewe ilikuwa mbaya. Nitajitahidi nisiionee. Muziki ni mzuri, milima imechorwa mpaka unasikia baridi. Pengine ni mimi niliyekua, sijui. Lakini mtu wako anakuja ameshakomaa, huna cha kumlea. Kila hatua kuna mshale wa kukuonyesha njia. Na shamba lipo pale pale, kijani, urudi usirudi.

Nikaweka pedi ya kuchezea chini. "Dula, hii gemu gani? Unaliacha shamba na halikauki! Sasa kulilima kuna maana gani?"

Vijana wakacheka. Dula akasema, "Kaka, umekuja kucheza au kuvuna? Rudi Kisiwani ukalime la kweli."

Nikacheka nao. Muda huo maji ya mama yalikuwa yanaingia kwa Mzee Mrutu.

Siku yake ilipofika, ambayo sasa ilikuwa yangu, maji hayakuja. Mto ulikuwa umepungua, kamati ikafunga mfereji wa mashamba ili yabaki ya kunywa watu na mifugo. Kamati haikukosea. Mzee Mrutu hakukosea. Mahindi yetu yalijikunja majani, yakakauka na magunzi matupu.

Mama akasimama mpakani. Kwa jirani kijani, kwetu njano. Akaniuliza, "Siku ya zamu yetu kulikuwaje?"

Nikajibu, "Maji yaliingia kwa Mzee Mrutu, mama."

Kila neno hapo lilikuwa la kweli. Ndiyo maana naliona baya kuliko uongo.

Mama akaacha kumsalimia yule mzee. Kanisani akahama benchi. Mzee Mrutu akanisubiri njiani, akaniambia taratibu, "Mama yako ananiita mwizi wa maji. Utamwambia wewe. Nikimwambia mimi, atakuwa amepoteza mahindi na mtoto kwa mara moja."

Hata hapo nilichelewa. Nilimwambia mama tulipokuwa tumeshakata mabua yote kwa ajili ya mbuzi. Mama hakunigombeza. Alijifunga kanga, akaenda kwa Mzee Mrutu na magoti yake yale yale. Aliporudi akasema wamesameheana. Habari yangu hakuigusa.

Mwaka ule tulikula mahindi ya kununua. Halafu mvua zikarudi, mfereji ukafunguliwa. Sasa zamu ikifika mama anachukua jembe mwenyewe. Namwambia, "Mama, niache niende mimi." Ananijibu kwa upole kabisa, "Wewe pumzika, mwanangu," kisha anaondoka akichechemea. Siku moja nilimfuata. Alisimama njiani mpaka nilipogeuka.

Afadhali angenitukana.

Dula juzi amenitumia ujumbe: shamba lako lipo vile vile, kijani, njoo. Sijamjibu. Yeye naye hana kosa.

Ninyi mnaosoma, siwaambii msicheze. Nawaambia hivi: kama mtu asiye na nguvu amekukabidhi zamu yake, usiibadilishe na kitu chochote, hata kiwe kizuri namna gani. Changu hakikuwa hata kizuri. Na usidhani ukishaungama utarudishiwa kazi yako. Mimi nimeungama kwa mama, kwa mzee, na sasa kwenu.

Leo ni zamu yetu. Naandika haya nimekaa mlangoni, na jembe halipo.