Hedifoni Nilizozilainisha Ndani ya Pipa

Jamani, aibu yangu mimi haina pa kwenda, maana wote walioishuhudia bado wanaishi hapa hapa Shelui na wengi wao nawanyoa. Mtu anakaa kwenye kiti, namfunga kitambaa shingoni, nawasha mashine, halafu kwenye kioo naona mabega yanatikisika, najua tu huyu keshakumbuka. Kwa hiyo nimeona bora niisimulie mwenyewe kama ilivyokuwa, kabla hamjaisikia kwa wale wanaoongeza chumvi (ingawa, kusema kweli, hakuna pa kuongezea).

Chanzo ni hedifoni. Nilikuwa nazitamani muda mrefu, zile kubwa zinazofunika sikio lote, siyo hizi za kuchomeka zinazodondoka ukicheka, na Mudi, dereva wa lori ambaye kila akitokea Dar lazima asimame hapa nimnyoe, akaniletea. Nikazivaa pale pale saluni, nikaweka muziki, nikafumba macho kusubiri raha. Raha haikuja. Sauti ilikuwa nyembamba, kama mtu anaimba akiwa amefunikwa na ndoo, besi hakuna, ngoma inalia ti ti ti kama kijiko kwenye kikombe.

"Mudi, mbona hivi?"

Mudi akanitazama kwa ile huruma ya watu waliotembea. "Elia, hizo bado mbichi. Hedifoni mpya ni kama kiatu kipya, inabana, lazima ilainike. Ziwekee sauti ya kulainishia, uziache zipige mchana kutwa, siku kadhaa, tena sauti juu kabisa, usizionee huruma. Zikishafunguka utanitafuta unishukuru."

Akanisaidia kuipakua hiyo sauti ya kulainishia kwenye simu yangu ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka ambayo haina laini, naitumia kwa muziki tu. Sasa msidhani ni wimbo. Kwanza ni mzomo mrefu, ssssss, kama mvua kwenye bati. Halafu unakuja mvumo mzito, vuuuuum, unaotoka chini kabisa. Halafu mluzi unaopanda na kupanda mpaka meno yanauma. Halafu ssssss inaanza upya. Ndefu ajabu.

Nilipofika nyumbani nikamweleza Naomi, mke wangu, kwa furaha yote. Naomi ni mtu wa Mitundu, hadanganyiki kirahisi. Akazivaa kidogo, akazivua, akanirudishia.

"Kwa hiyo hizi zinajifunza kuimba?"

"Hazijifunzi, zinalainika."

"Kitakachozoea ni masikio yako, Elia. Wewe zivae tu wiki moja, utaona zimekuwa tamu zenyewe."

Maneno hayo yalinichoma, na kwa kuwa yalinichoma nikaamua nitazilainisha kwa siri, zikishakuwa tamu nimvalishe bila kumwambia kitu, nimwone uso wake. Ndipo nikafanya ule uamuzi mdogo. Asubuhi yake, Naomi akiwa bado anachota maji, nikaingia stoo, ile iliyo nyuma ya jiko uani, nikafungua pipa la bati tunalohifadhia alizeti. Wakati huo lilikuwa tupu maana hatujavuna. Nikatandika gunia chini, nikalaza hedifoni, nikachomeka simu, simu nikaichomeka pawabenki, sauti nikapandisha mpaka mwisho, nikafunika mfuniko, nikasikiliza. Palikuwa na kimya kizuri tu (nilikuwa sijajua kwamba sauti ile inaanza polepole, kama mtu anayevuta pumzi, inapanda kadiri saa zinavyokwenda). Nikaenda kazini naimba.

Lazima mjue jambo jingine. Jumamosi ile mama mkwe wangu alikuwa anakuja kututembelea kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Na mama yule, wakati wa posa, alikuwa amesema maneno ambayo Naomi aliniletea kama utani lakini mimi sikuyachukua kama utani: "Kijana ni mzuri, ila mpole mno. Siku nyumba ikivamiwa atafanya nini, atawanyoa?" Kwa hiyo kwa wiki nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kumkaribisha kama mwanaume, kwa sauti nzito, mpaka nikawa najirekodi kwa simu ile ile ya zamani ili nijisikie.

Siku hiyo ya pipa ilikuwa Alhamisi. Mchana, nikiwa namnyoa Mudi (jana yake hakuwa na muda wa kunyoa; sasa alikuwa amegeuza na lori lake, anasubiri mzigo), upande mmoja wa kichwa umeisha na upande wa pili bado msitu, akaja kijana wa bodaboda anahema.

"Kinyozi! Kimbia kwako! Kuna nyoka stoo, mkubwa, na mama mkwe wako ndiye aliyemkuta!"

Niliposikia mama mkwe akili ilisimama. Leo? Alhamisi? Kumbe alipata lifti ya mtu anayekwenda Nzega, akaona ya nini kusubiri Jumamosi. Nikatupa mashine nikakimbia, na Mudi nyuma yangu, kitambaa kinapepea shingoni, nusu kichwa kinang'aa. Hedifoni? Wallahi sikuzikumbuka kabisa, nilikuwa nawaza nyoka tu.

Uani kwangu kulikuwa kumejaa. Wanawake wamepanda kwenye matofali, vijana wana fimbo, na mbele yao wote Mzee Shabani, jirani yetu, ameshika panga. Naomi alikuwa amemkumbatia mama yake. Mama mkwe bado ameshika debe lake la asali aliyotuletea, alikuwa anakwenda kuliweka stoo aliposikia kitu kinapumua.

"Shikamoo Mzee Shabani," nikasema nikihema (hata nyoka awepo, shikamoo lazima).

"Marahaba. Sikiliza hiyo."

Nikasikiliza. Kutoka stoo ikaja ssssss, ndefu. Halafu vuuuuum, mpaka mabati ya ukuta yanatetemeka. Pipa lile, ndugu zangu, nililodhani litaficha sauti, lilikuwa limeikuza kama tarumbeta.

"Huyo ni kifutu," akasema Mzee Shabani. "Kifutu ndiye anayejaza pumzi hivyo."

Ukaja mluzi.

"Kifutu anapiga mluzi tangu lini?" akauliza mama mmoja juu ya matofali.

"Basi ni koboko," akasema Mzee Shabani bila kusita. "Koboko anaita mwenzake. Wako wawili."

Watu wakarudi nyuma hatua nzima. Mudi akanigeukia, macho yamemtoka, akafungua mdomo. "Elia, hiyo si ile..." Nikamkanyaga mguu.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Sentensi moja tu, jamani ni hedifoni zangu, watu wangecheka wangeondoka. Lakini nikamwona mama mkwe ananitazama, nami nimesimama mbele ya nyumba iliyovamiwa, na ndani ya nyumba hiyo, mimi peke yangu na Mudi tunajua, hakuna nyoka. Shetani akaninong'oneza kwamba nafasi kama hii hairudi. Nikamnyang'anya kijana mmoja fimbo.

"Rudini nyuma wote," nikasema, kwa ile sauti nzito ya mazoezi. "Hii kazi niachieni mimi."

"Usiingie, mwanangu!" akalia mama mkwe. Mwanangu! Hajawahi kuniita hivyo. Nikaona hata nikifa kwa nyoka ambaye hayupo, nimekufa vizuri.

Nikaingia, nikasukuma mlango ukajifunga nusu nyuma yangu. Mpango ulikuwa rahisi: nipige kelele kidogo, nizime simu, nitoke niseme amepita tundu la ukutani. Nikapiga sakafu fimbo. "Nimekuona!" Nikapiga teke ndoo. "Huendi popote!" Nje nasikia wanawake wanamwomba Mungu, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahia. Nikapiga na jembe ukutani kwa uzuri zaidi. Nikawa ndiyo kwanza naweka mkono kwenye mfuniko wa pipa nifungue, mlango ukapigwa ukafunguka, Mzee Shabani huyo hapo na panga lake.

"Siwezi kukuacha peke yako, kijana. Yuko ndani ya pipa?"

Ningesema nini? Pipa lenyewe lilikuwa linazoma mbele yetu.

"Yumo," nikasema.

"Usifungue!" Akaukalia mfuniko, mzee wa watu, mtu wa heshima, akaita vijana. Kabla sijapumua mara mbili pipa lilikuwa limebebwa juu juu limesimamishwa katikati ya ua, Mzee Shabani anatoa amri kwamba kinachotakiwa ni maji ya moto, tufungue mfuniko kidogo tumwage yote. Na maji yalikuwepo. Naomi alikuwa amebandika ya ugali kwa ajili ya mama yake. Mama mkwe akaweka asali chini, akaipua sufuria kwa kanga, akaja nayo mwenyewe inafuka.

"Nipisheni," akasema. "Mkwe wangu amehatarisha maisha, na mimi nifanye yangu."

Nikawaza hedifoni zangu. Nikawaza simu. Nikasema, "Mama, ngoja kidogo, labda kashakufa," na kweli, kama vile pipa lilinisikia, sauti ikakatika. Mzee Shabani akainua mfuniko kidogo kwa ncha ya panga.

Sauti ya kulainishia ilikuwa imefika mwisho, na simu yangu ikimaliza kitu kimoja inaendelea na kinachofuata, chochote kilichomo. Kilichofuata kilikuwa mimi.

"Shikamoo, mama mkwe," likasema pipa.

Ndani ya pipa nikakohoa. "Hapana, nzito kidogo. SHIKAMOO, MAMA MKWE. Karibu sana nyumbani kwetu."

Na mama mkwe, ameshika sufuria ya maji ya moto, kwa mazoea tu ya maisha yake yote, akajibu:

"Marahaba."

Ningeomba simulizi iishie hapo, lakini pipa lilikuwa halijamaliza. "Sasa kuhusu kuku," likaendelea. "Naomi anasema mama yake anapenda kuku, lakini kuku ni huyu mmoja na ndiye anayetaga. Nikisema ni mgonjwa ataniamini? Au nimfiche kwa Mzee Shabani?"

Mzee Shabani akaniangalia. Naomi akaniangalia. Yule kuku mwenyewe alipita hapo akidonoa, mzima kabisa. Nikasikia mtu anashuka kwenye matofali akicheka, halafu wa pili, halafu ua mzima ukalipuka. Mudi alikuwa amekaa chini, amejifunika uso kwa kitambaa changu cha saluni, analia. Mzee Shabani akaingiza mkono pipani, akatoa hedifoni moja kwa moja kama mtu anayeshika nyoka shingoni, akaziinua juu.

"Koboko huyu hapa," akasema. "Ana waya."

Mimi nilikuwa natafuta pa kuweka uso. Mama mkwe akatua sufuria taratibu, akanisogelea, nami nikainamisha kichwa nikisubiri kusikia kwamba binti yake anarudi Mitundu leo leo. Lakini alikuwa anashindwa kusema. Kila akifungua mdomo kicheko kinamzidi, anajipangusa kwa kanga, anaanza tena.

"Mkwe," hatimaye akasema, "kuku mwache atage. Nimekuja na wangu, yuko kwenye tenga pale barazani." Akavuta pumzi. "Halafu uliingia mle na fimbo unapigana na nani?"

"Na ndoo, mama."

Hapo alikaa kabisa, kwenye mkeka, na Naomi juu yake, wote wawili wamechoka kwa kucheka. Tulikula kuku wa Mitundu siku hiyo, Mzee Shabani naye tulimlazimisha abaki, na Mudi alikula na kichwa chake cha nusu (nilimmalizia jioni). Mama mkwe akataka asikie hicho kilichomfanya ambebee nyoka maji ya moto. Tukamvalisha, nikamwekea kwaya, akaanza kutikisa kichwa na kuzungumza kwa sauti kubwa kama yuko ng'ambo ya bonde: "WANAIMBA KICHWANI MWANGU!" Kuzivua ikawa shida.

Mnataka kujua kama zililainika. Mimi nilizivaa baadaye nikasikia besi imenenepa, imelala vizuri, naapa. Naomi akazivaa akasema ni zile zile, mimi ndiye niliyezitaka ziwe tamu zikawa. Mudi akasema bado zilihitaji siku mbili tatu. Tumeshabishana mpaka tumechoka, na pipani hazitarudi tena.

Ila nilijiapiza jambo moja siku ile: nikikosea, nasema hapo hapo, kabla mtu hajashika fimbo. Nimekuwa mkweli mpaka nakera. Juzi wali uliungua, na kabla hata harufu haijafika uani nikatoka nje, nikasimama mbele ya Naomi na majirani waliokuwa wanapepeta alizeti, nikatangaza kwa sauti kwamba ni mimi, niliambiwa niuangalie sikuuangalia, hakuna moto, hakuna nyoka, mtu asilete maji, ni mimi tu.