Mama Mkwe Ndani ya Karavani

Mwaka wa 1972 nilimwona mama yangu akiondoka na nyumba yake. Nyumba haikuwa na dereva, na ilikuwa inaenda kinyumenyume.

Cheka tu. Hata mimi ningecheka, kama mambo yangeishia hapo.

Tulikuwa tunakaa Newtown, hapa Birmingham, mimi na mume wangu Fanuel. Ghorofa ya sita, chumba kimoja, na sebule ambayo ukitaka kugeuka unaomba ruhusa kwa meza. Fanuel alifanya kazi kiwanda cha magari, Washwood Heath. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane, kazi yangu kupanda ngazi na kuilaani lifti.

Mama akaja kutoka Kakamega kunipokelea mtoto.

Sasa hapo ndipo shida ilipoanzia. Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, mpaka ile sherehe ya kuondoa haya ifanywe nyumbani. Yetu haikuwa imefanywa. Tulioana huku huku, wazee wakaletewa picha.

Mama angelala wapi? Ndani ya lifti?

Aliyetuokoa ni Baldev, Singasinga wa Kisumu, mwenzake Fanuel kiwandani. Alikuwa na karavani kuukuu, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari. Wakaiweka kwenye kiwanja kilichoachwa wazi baada ya nyumba za zamani kubomolewa, chini ya dirisha letu. Mama aliipenda sana. Alifagia ndani, akafagia nje, akaendelea kufagia mpaka Waingereza wakaanza kumsalimia wakipita.

Chakula nilikuwa namshushia mimi. Salamu pia.

"Mwambie mama kama blanketi hazitoshi aseme," Fanuel alikuwa anasema, amegeukia ukuta, na mama yuko hatua tano tu.

"Mwambie huyo kijana nimemsikia," mama alikuwa anajibu, akiuangalia mti.

Nikawa simu. Simu yenye mimba.

Halafu watu wa kaunsili wakaja, wakasema karavani iondoke. Baldev alimjua mkulima mmoja katika milima ya Wales aliyekubali tuiweke shambani kwake. Ningekaa na mama kule siku chache, hewa nzuri, kisha turudi nijifungue.

Baldev ameendesha lori na trela miaka mingi kwenye barabara za vumbi, Kisumu mpaka Busia. Alimkalisha Fanuel chini.

"Bwana, vizito vyote weka juu ya magurudumu. Nyuma pabaki patupu. Ukitoka kwenye lami, punguza upepo wa matairi, nenda polepole, na kioo cha kuangalia nyuma usikiache. Mkia ukiwa mzito, mkia ndio dereva. Na ndani asikae mtu."

"Mama je?"

"Gari lina viti vinne, Fanuel."

Fanuel akaenda kufunga masanduku. Baldev alijua kwa nini mama hawezi kukaa garini na mkwe wake, ameishi na watu wa kwetu tangu utoto. Akatikisa kilemba, akaenda kuukagua mnyororo wa usalama.

Mimi nilitaka kukaa na mama karavanini. Alinikatalia. Mtoto wa miezi minane hatikiswi kama maziwa ya kibuyu, alisema. Akapanda peke yake.

Fanuel alipakia kama alivyofundishwa. Cherehani ya chuma ambayo mama alikuwa ampelekee mke wa kaka yangu, sufuria, masanduku, vyote sakafuni juu ya magurudumu. Akaingia garini, akaangalia kioo.

Kwenye kioo, dirisha la mbele la karavani. Kwenye dirisha, uso wa mama.

Akashtuka kama amefungua mlango wa bafu. Akakizungusha kioo, kikaangalia paa.

Na huko nyuma mama naye alikuwa ameuona mgongo wa mkwe wake. Akaona aibu. Akahama, akaenda kukaa mwisho kabisa wa karavani. Na mama hakuwa mtu wa kukaa mbali na mali yake. Aliivuta cherehani, akavuta masanduku, akavuta sufuria, vyote akavirundika miguuni pake.

Sisi mbele hatukujua. Kioo kilikuwa kinaangalia paa.

Lami iliisha. Fanuel akashuka, akapunguza upepo, akawasha tena. Njia ya shambani ilikuwa mawe matupu na makorongo ya maji ya mvua, inapanda kama ukuta. Gari likaanza kuyumba. Akapunguza mwendo.

Kukasikika mlio, tang, mnyororo umekatika. Halafu gari likawa jepesi.

Nikageuka. Mama yangu alikuwa anaondoka.

Karavani iliteremka mpaka kwenye kona, ikabomoa ukuta wa mawe, ikasimama. Nusu barabarani, nusu inaning'inia juu ya korongo lenye mto. Mbele yake ilikuwa inapanda hewani na kushuka, inapanda na kushuka, kama inafikiria.

Fanuel alikimbia, akajitupa tumbo juu ya ule mkono wa chuma wa kuivutia karavani, akaukandamiza chini kwa uzito wake wote.

Mimi nilikuwa nateremka nimeshika tumbo. Nilisikia anaita, na hakuwa ananiita mimi.

"Mama. Njoo mbele. Njoo huku kwangu."

Mama hakutokea dirishani.

"Mama, niangalie mimi."

Akaja. Polepole, anashika kuta. Akafika kwenye dirisha la mbele, na hapo wakatazamana, kioo kimoja kati yao, mama yangu na mume wangu.

"Mlango uko kushoto kwako," Fanuel akasema. "Ruka."

"Na wewe?"

"Nakuja."

Mama akaruka, akaangukia magoti. Lakini cherehani haikuruka. Ilibaki kule kule mwisho, na vyote alivyovirundika. Uzito wa mama ulipotoka, mbele ikainuka na mume wangu, ikamchukua juu ya ukuta, ikashuka naye mtoni.

Uchungu ulinishika pale pale barabarani. Mwanangu alizaliwa usiku huo, hospitali ambayo hata jina lake siwezi kulitamka.

Kesho yake polisi walitaka mtu wa familia amtambue maiti. Mimi sikuweza kusimama. Baldev akaja, akasema ataenda yeye.

"Wewe si familia," mama akamwambia. "Nipeleke."

Baldev alinisimulia baadaye. Anasema walifunua shuka, mama akasimama akamtazama muda mrefu, hakufunika macho.

"Ni yeye," alisema. "Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto."

Mimi niliyelala naye miaka minne ningewaambia ni ya kulia.

Nilipofika nyumbani nilikwenda kuangalia picha ya harusi. Ni ya kushoto.

Basi, nyinyi mnaosoma hii kwenye simu zenu, heshima ni mzigo mzito. Siwaambii muitupe. Ipakieni juu ya magurudumu, mkia usiwe dereva. Na kioo kiacheni kiangalie nyuma, hata kama anayeonekana ni mama mkwe.