Vidole Vitatu vya Tumbaku

Mwezi uliopita, kwenye mafunzo ya wafugaji kule Dakawa, mama mmoja mzee alifungua pindo la kanga yake akanionyesha majani makavu ya tumbaku. Harufu ilinipanda puani, kali, yenye utamu kidogo kama asali iliyoungua. Kabla sijamshukuru nilikuwa nimesharudi mlimani Uluguru, nyuma ya jiko la bibi yangu, nina miaka tisa na mikono imelowa.

Bibi Mwajuma, mama yake mama, ndiye aliyenilea, na pale kijijini alikuwa tabibu wa kuku. Usicheke. Watu walipanda kilima na matenga yao kumfuata yeye. Kuku mwenye minyoo alinyweshwa maji ya shubiri, machungu mpaka ukiyanusa tu unakunja uso. Mwenye utitiri, wale wadudu wadogo wanaojificha kwenye manyoya na kunyonya damu, alipakwa majivu ya jikoni yaliyotiwa tumbaku ya kusaga.

"Kopo moja la majivu, tumbaku vidole vitatu," Bibi aliniambia kila mara, akinionyesha kwa kidole gumba na viwili vinavyofuata. "Kiganja ni cha kulia ugali, mke mwenzangu."

Ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu, na mimi nilijiona mkubwa kweli.

Asubuhi moja alifika jirani yetu, Mama Zuhura, na tenga kichwani. Ndani yake mlikuwa na kuku mwekundu na vifaranga wanane. Ukimpulizia mama yao kwenye manyoya ya shingo, uliona utitiri wakikimbia.

"Shikamoo, Bibi. Leo nimekuletea wodi nzima," alisema.

"Marahaba. Watie ndani, daktari yupo," Bibi akajibu, akininyooshea mimi kidole.

Mama Zuhura alicheka. Kisha akamshika kifaranga mmoja, mweusi tii isipokuwa ncha ya bawa, akaniwekea mkononi. "Wakipona, huyu wako."

Sikuwa nimewahi kumiliki kitu chenye uhai. Alikuwa mwepesi kama kiberiti kitupu, na moyo wake ulinigonga kidoleni.

Mchana Bibi aliitwa msibani upande wa pili wa bonde. Aliniachia kazi na maelezo: nimpake mama mtu tu, chini ya mabawa na kuzunguka mkia, vifaranga nisiwaguse. Mama akipona, alisema, utitiri hawatakuwa na pa kutokea.

Lakini mweusi wangu alikuwa anajikuna. Nilimtazama akijikuna, nikaona vidole vitatu ni vichache mno, na siku za kungoja ni nyingi mno. Nilichota tumbaku kiganja kizima, nikaongeza kingine. Nikatia maji ili dawa ishike vizuri. Nikawapaka wote, mmoja mmoja, mpaka ngozi, mweusi nikampaka mara mbili kwa kuwa nilimpenda zaidi.

Vifaranga walianza kuyumba. Nilidhani wana usingizi. Nikawafunika na kipande cha kanga, na nilipokifunua wanne walikuwa wamenyoosha miguu. Mweusi alikufa mwisho, akiwa kifuani kwangu, mdomo wazi.

Dawa iliyobaki niliimwaga kwenye migomba, nikaifukia. Kisha nikaosha kopo.

Bibi aliporudi alichuchumaa mbele ya tenga. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, "Uliweka vidole vitatu?"

"Ndiyo, Bibi."

Aliniamini. Alikwenda kwenye kibuyu chake cha tumbaku, akasugua jani, akalinusa, akalinusa tena. "Basi nitakuwa nimeianika vibaya," alisema. "Mkono wangu umezeeka."

Jioni ile ile alimbeba kuku mwekundu mwenyewe mpaka kwa Mama Zuhura. Mimi nilimfuata nyuma. "Nimekuulia, mwanangu," alimwambia, na akapiga magoti, mtu mzima yule. Mama Zuhura alimwinua haraka, akisema ni kazi ya Mungu. Hata pale ningeweza kusema. Nilitazama miguu yangu.

Matenga hayakuja tena. Bombani watu walitania: ukitaka supu, mpelekee Bibi Mwajuma kuku wako akatibiwe. Bibi alicheka nao. Siku chache baadaye nilimkuta nyuma ya jiko anang'oa miche yake ya tumbaku, mmoja baada ya mwingine, akikung'uta udongo kwenye mizizi kwa uangalifu, kama vile anakwenda kuipanda pengine. Alifariki nikiwa sekondari, akiwa bado anaamini mkono wake ndio ulioua.

Chuoni nilifundishwa sababu. Sumu ya tumbaku hupita kwenye ngozi, na ikiwa na maji hupita upesi zaidi. Kiasi ambacho kuku mkubwa anakistahimili kinammaliza kifaranga. Bibi hakuwa na maneno hayo, lakini alikuwa na kipimo, na alijua nani asiguswe.

Sasa nawafundisha wafugaji, na kwa miaka mingi nimewaonya kwa kisa hiki. Nakianza hivi: "Kulikuwa na bibi mmoja mlimani, alizidisha tumbaku." Watu hucheka, na somo huwakaa. Sikuwahi kujiuliza namcheka nani.

Kule Dakawa, yule mama mzee hakucheka. Aliinua vidole vitatu. "Mwanangu, sisi wote huweka hivi tu. Huyo bibi alifundishwa na nani?"

Nilisema muda umekwisha, nikakusanya vitabu vyangu.

Mama wa Dakawa, kama haya yatakufikia, jibu lako ni hili. Alifundishwa na mama yake, na aliweka vidole vitatu maisha yake yote. Kiganja kilikuwa changu.