Kamati ya harusi ilivyoitaka credit card yangu, na tiketi ya Mama iliyokuwa inasubiri

Wakuu, habari za mchana. Na wadada wenzangu, najua mpo mnasoma kimya kimya.

Kuna mtu juzi aliuliza humu kama credit card ina faida yoyote kwa mtu wa mkoani. Nilianza kumjibu kwenye uzi wake, nikaona maelezo yanakuwa marefu, nikafungua wa kwangu. Sijaongeza chumvi. Anayenijua akinitambua anyamaze tu.

Nafanya kazi maabara, hospitali moja binafsi hapa Singida mjini. Mshahara unapitia benki, ndiyo maana wakanipa kadi.

Kwa asiyejua, ile siyo hela yako. Benki inakulipia, mwisho wa mwezi inakuletea bili. Ukilipa yote kwa wakati hakuna riba. Ukichelewa imekula kwako: riba inaanza, na kwa benki yangu pointi zote ulizokusanya zinafutwa.

Pointi ndiyo utamu wenyewe. Kila ukichanja kadi zinaingia, zikifika kiwango unazibadilisha upate tiketi ya ndege.

Matumizi yangu ni ya kawaida kabisa. Mafuta ya gari, gesi, unga, sabuni, dawa za Mama. Vitu ambavyo ningenunua hata kama kadi isingekuwepo. Nikichanja tu, kiasi hicho hicho nakiweka pembeni kwenye mshahara, sikigusi. Duka linaloongeza makato yao juu, sichanji. Na ATM siisogelei na hii kadi, maana ukitoa cash riba inaanza siku hiyo hiyo.

Halafu wapo wale wa sheli za mafuta, wakiona kadi tu, ghafla "network inasumbua dada". Huwa nawaambia sawa, nasubiri. Network inarudi yenyewe.

Sasa kwa nini nilizitaka hizo pointi kwa udi na uvumba?

Mama yangu yuko kijijini Kinampanda, na nyonga inamtesa. Akikaa safari ndefu, kushuka ni mpaka ashikwe huku na huku. Mdogo wangu Neema ni mwalimu Mtwara, kajifungua mtoto wa kwanza. Kila nikimpigia Mama ni wimbo ule ule: "Nitakufa sijamwogesha mjukuu wangu."

Basi la kutoka huku mpaka Mtwara kwa nyonga ile? Thubutu! Na msiniambie SGR, treni haifiki Mtwara.

Pointi zilikuwa zimebaki kidogo tu zitimie. Sikumwambia mtu.

Ndipo kikaja kikao cha harusi.

Anayeoa ni mdogo wetu wa mwisho, Yona. Ukumbi wa Singida mjini, MC, keki ya ghorofa, vyote alishawatangazia wakwe. Kwa mhazini hela ni kiduchu, ila ahadi za michango kibao. Mwenyekiti ni Mjomba, kaka yake Mama. Akakohoa, akasema:

"Mbona tunahangaika na binti yetu ana kadi ya benki? Alipie ukumbi na vinywaji, michango ikiingia tunamrudishia. Ahadi si zipo?"

Watu wakapiga makofi. Jamani! Makofi kwa mshahara wangu ambao hata mimi sijauona.

Kwetu kumkatalia mjomba mbele za watu siyo jambo dogo. Nikasimama.

"Mjomba, shikamoo. Kadi ipo. Ila nitachanja kile tu ambacho mhazini anacho mkononi. Akinipa cash leo, nachanja leo, kesho naipeleka benki. Kwa ahadi siwezi."

"Kwa hiyo hutuamini?"

"Nawaamini, Mjomba. Benki ndiyo haiwaamini."

Yona akainuka, akatoka nje. Mama aliniangalia mara moja tu, akainamisha kichwa. Hiyo iliniuma kuliko maneno yote, maana nilikuwa nampigania yeye na siwezi kusema. Nimwambie habari za ndege, halafu ikwame?

Harusi ilifanyika. Ukumbi wa kanisa Kiomboi, keki ya kawaida, kuku wa kienyeji, watu wakala wakasaza. Nilichanja kilichokuwepo, kesho yake nikalipa.

Ila Yona akanichunia. Simu hapokei, salamu anapitishia kwa mkewe. Kwa ndugu nikawa dada mwenye roho mbaya.

Siku ya kuvunja kamati, ahadi nyingi zilikuwa bado ni ahadi. Hata ya Mjomba mwenyewe, eti mpaka auze alizeti. Mimi nikala nyama yangu.

Miezi ikapita, pointi zikatimia, nikachukua tiketi. Nilipompa Mama habari akaniuliza: "Ndiyo hii iliyokufanya ukatae pale kwenye kikao?" Nikamwambia ndiyo. Akalia, na mimi nikalia. Halafu yeye mwenyewe akampigia Yona, akamweleza.

Yona akaja kutuendesha mpaka Dodoma, uwanja wa ndege. Kutoka Singida mpaka Mkiwa hajanisemesha. Pale Mama akaamuru gari lisimame, anataka jogoo wa kumpelekea Neema, mzazi.

"Mama, kwenye ndege hawaruhusu kuku hai."

"Kwani atakaa kiti cha nani? Nitampakata."

Yona alicheka mpaka akaegemea usukani. Jogoo hatukununua, Mama akanuna mpaka Manyoni.

Manyoni tukaingia sheli. Nachomoa kadi, Yona kaniwahi. Akatoa noti mfukoni, akaniwekea kiganjani.

"Shika, dada. Hii ipo mkononi. Chanja wewe, upate pointi."

Nikachanja huku machozi yananitoka, kijana wa sheli akadhani nalilia bei ya mafuta.

Mama alifika salama. Shemeji, mume wa Neema, alikuwa Dar kikazi, akampokea wakaunganisha ndege ya Mtwara pamoja. Kesho yake Mama ananipigia simu, nasikia maji kwenye beseni na mtoto analia: "Masikio ya Yona haya, sikiliza anavyolia."

Nilichojifunza: chanja kile ambacho ungeweza kukilipa leo hii kwa cash. Hela ya mtu aliyesema atatoa, hata awe damu yako, siyo yako bado. Kukataa kunauma, mimi kuliniuma miezi, ila bili ingeuma zaidi na Mama angebaki Kinampanda.

Nyie mngejibu nini pale kwenye kikao? Semeni, nasoma zote, hata za kunisema.

Na Mjomba, kama upo humu, shikamoo. Nasikia alizeti imepanda bei.