Mmeelewa?

Kuna swali moja nililoacha kuuliza darasani: "Mmeelewa?" Nililiacha kwa hasira. Watoto wa shule yetu hapa Wabera hulijibu kama watu wazima wanavyojibu "Habari?" Hata mgonjwa aliyelala chali husema "Nzuri." Darasa zima huitikia ndiyo, nafuta ubao, na mtihani ukija sote tunashangaa.

Kwa hiyo nikaanza kuuliza swali la kweli, kisha nanyamaza. Kunyamaza ni kazi ngumu kwa mwalimu, ulimi unawasha. Lakini gredi ya nne nilikuwa na msichana mmoja aliyetoka Oldonyiro kuja kukaa na shangazi yake mtaa wa Chechelesi. Muhula mzima hakuwa amefungua kinywa, na nilijua hesabu za nusu na robo zinampita. Nilitaka anionyeshe anapopotelea. Nisipopajua, nitamfundisha nini?

Siku hiyo niliuliza: mtungi mmoja wa maji ukigawiwa nyumba tatu, na mwingine kama huo nyumba nne, ni nyumba zipi zitapata maji mengi kila moja? Nikamtazama yeye, nikasubiri. Wengine walinyoosha mikono, nikawaashiria waishushe. Mwishowe akasimama.

"Madam, ni hizo nyumba nne. Si nne ndio kubwa? Lakini kwa shangazi, wageni wakikuja, maji..." Akasita. Nilimwona usoni jinsi mambo mawili yalivyokuwa yakigombana kichwani mwake, na nilifurahi kuliko nilivyofurahi muhula ule wote.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mwalimu mkuu.

"Mbona hapa kumenyamaza hivi? Madam, kwani leo hakuna kusoma?" Kabla sijajibu akawageukia watoto. "Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu," wakaitikia wote kwa pamoja.

"Si unaona? Hawa wako sawa. Songa mbele, silabasi haikungoji."

Akaenda zake. Kwenye ukuta wa nje alikuwa ameagiza mwenyewe iandikwe kwa rangi ile methali ya kuuliza si ujinga. Siku ile ningeweza kuikwangua kwa kucha.

Msichana alikuwa ameshaketi. Nikamwomba amalizie habari ya maji ya shangazi.

"Ni sawa, madam," alisema, macho kwenye daftari. "Nimeelewa."

Nikawaambia wote waandike jibu la mitungi. Nilipokusanya madaftari, jibu lake lilikuwa sahihi, limenakiliwa neno kwa neno kutoka kwa jirani yake. Nikaliwekea tiki.